Bei ya Kabuti

Neno kabuti ni la siku nyingi katika Kiswahili. Ukilitamka polepole utaisikia capote ya Wareno ndani yake. Vijana wa leo husema jaketi au koti la baridi, lakini wazee wakisema kabuti wana maana moja tu: lile koti refu la sufu nzito, la rangi ya kaki au ya kijivu, lenye kola pana na vifungo vya shaba, ambalo huvaliwa kwanza na askari na baadaye na mlinzi wa usiku.

Nimekusanya makabuti na nguo nyingine zilizotoka jeshini kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yangu ya ubaharia ilinipitisha katika bandari nyingi, na hakuna bandari isiyo na soko la nguo kuukuu. Jambo moja lilinishangaza tangu mwanzo, nalo halijaacha kunishangaza hata leo. Nguo ile ile, iliyoshonwa kiwanda kimoja, mwaka mmoja, kwa kipimo kimoja, huuzwa mahali pamoja kwa bei ya sahani ya wali, mahali pengine kwa mshahara wa mwezi, na mahali pengine haiuziki kabisa kwa sababu kuwa nayo ni kosa. Shuleni tulifundishwa kuwa bei ni mapatano ya mwenye mali na mwenye haja. Naona kabuti linaweza kutufundisha zaidi ya hapo.

Kwanza tujiulize nguo hizi hutoka wapi. Serikali zilipoanza kuwavika watu kwa malaki, ndipo lilipozaliwa tatizo la mabaki. Vita huweza kwisha kwa siku moja, lakini cherehani hazinyamazi siku hiyo hiyo, na maghala yaliyokwisha kujazwa hayajimwagi yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Francis Bannerman wa Brooklyn akaanza biashara ya kununua mabaki ya jeshi mnadani. Baada ya vita vya Marekani na Hispania vya mwaka 1898 shehena yake ikawa kubwa, tena yenye baruti nyingi, hata haikufaa kuwekwa mjini. Akanunua kisiwa katika mto Hudson, akajenga ghala lenye sura ya ngome. Magofu yake yangali yanaonekana. Hapo biashara ya mabaki ilikwisha kuwa biashara kamili, yenye matajiri wake na wateja wake.

Vita Kuu ya Pili iliikuza maradufu. Mwaka 1944, risasi zikingali zinalia, Marekani ilitunga sheria ya kuuza mali ya ziada ya vita. Waingereza nao, vita vilipokwisha, wakamvua askari sare na kumpa suti ya kiraia, shati, tai, kofia na viatu, na maghala yakabaki yamefurika nguo za wanajeshi. Lile koti zito la jeshi la maji la Uingereza, lenye kofia nyuma na vifungo vya mti vinavyofungwa kwa kamba, liliuzwa kama mabaki hata akiba ikaelekea kwisha. Mwaka 1951 Harold na Freda Morris wakaanzisha kampuni ya Gloverall na kulishona upya kwa ajili ya raia. Hapo nguo ya baharia mwenye baridi ikawa nguo ya mwanafunzi wa chuo kikuu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatupaswi kushangaa kwamba nguo hubadilika bei kwa safari. Karne ya kumi na tisa merikani, ile pamba isiyopaushwa iliyofumwa Massachusetts, ilikuwa fedha ya njia ya misafara. Ilishushwa Unguja, ikavushwa bara, na kila kituo wapagazi walichopita, Ugogo, Unyanyembe hadi Ujiji, ndivyo thamani ya kila mkono wa kitambaa ilivyopanda. Kitambaa kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka ni ujira wa mpagazi, hongo ya mtemi, na hasara ya marobota yaliyolowa au kuibwa njiani. Bei ya nguo ni hadithi ya safari yake.

Nguo za jeshi nazo zilikuja na safari yake. King's African Rifles, ambao babu zetu waliwaita Keya, waliundwa mwaka 1902, na tarbushi yao na kaki yao vikawa vitu vya kutamaniwa na kuogopwa pamoja. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, iliichukua sare hiyo na kuifanya pambo. Makundi ya Marini na Arinoti yalishindana kwa tarumbeta, kwa vyeo vya kijeshi na kwa mavazi ya kijeshi, na baada ya vita vya mwaka 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliorudi makwao wakaieneza beni mpaka ndani ya bara. Mtu ambaye serikali ilimwita boi mchana, jioni aliitwa jenerali na wenzake. Ni nani angeweza kupanga bei ya koti la namna hiyo?

Tusiwasahau wapagazi wenyewe. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kila siku: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wanunuzi wanaopekua nguo pale leo hupita juu ya jina la watu waliobeba mizigo ya jeshi bila wao kupewa nguo ya kutosha. Kila niingiapo Kariakoo hulikumbuka jambo hilo, na huona haya kidogo kupunguza bei.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa nini bei hutofautiana nchi hata nchi? Kwa kadiri nilivyoona, ziko sababu nne.

Ya kwanza ni wingi. Mwaka 1990 Ujerumani ya Mashariki ilifutika katika ramani, na jeshi lake likafutika pamoja nayo. Maghala yake yalijaa sare za rangi ya kahawia zenye vistari vidogo vilivyosimama kama mvua. Nilipita Hamburg miaka michache baadaye, nikaziona zimerundikwa sokoni kama mahindi ya msimu. Jeshi la Kirusi nalo lilikuwa likiondoka Ujerumani mpaka lilipomaliza mwaka 1994, na kofia zake za manyoya ziliuzwa Berlin kandokando ya barabara. Kwa Mjerumani zile zilikuwa takataka za nchi iliyokufa. Hakuna aliyetaka kuzitazama. Kwa mkusanyaji wa mbali zilikuwa kumbukumbu ya dola ambayo haitashona nguo nyingine tena. Uswisi nako kulikuwa na wingi wa namna yake, maana huko karibu kila mwanamume alikuwa askari na sare yake aliiweka nyumbani. Zile za mabaka mekundu na meusi, zilizodumu tangu miaka ya 1950, zilipobadilishwa miaka ya 1990, zilimwagika kwa wingi: nguo imara kama turubai, na bei ndogo.

Ya pili ni njia na ushuru. Kabuti ni zito, na uzito hulipiwa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Tuseme kabuti lina uzito wa kilo tatu. Kabla ya mabadiliko yale lingelipiwa senti sitini za dola mpakani. Baada yake lingelipiwa dola saba na nusu, kabla mchuuzi hajatia faida yake hata kidogo. Fulana ya gramu mia mbili ingelipiwa nusu dola tu. Ndiyo kusema sheria moja inayopima nguo zote kwa kilo humwadhibu anayesikia baridi kuliko anayesikia joto. Rwanda ilikuwa na hoja yake, nayo ni kulinda viwanda vya nyumbani. Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuinyima Rwanda nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Katikati ya hoja hizo mbili kubwa amesimama mchuuzi mdogo na robota lake.

Ya tatu ni mapenzi, na hii ndiyo isiyo na kipimo. Miaka ya 1960 vijana wa Uingereza waliopanda skuta walinunua parka za jeshi la Marekani, zile za muundo wa mwaka 1951 zenye mkia uliopasuka nyuma, ili tu kuzikinga suti zao na matope. Walizinunua kwa sababu zilikuwa rahisi. Lakini kwa kuwa walizivaa wao, na baadaye filamu zikawaonyesha, parka hizo zikapanda hadhi, na leo ile ya asili huuzwa ghali. Wakati huo huo Jimi Hendrix, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa miavuli wa Marekani, alikuwa akipanda jukwaani London na jaketi la zamani la wapanda farasi wa Kiingereza lililotoka katika duka la nguo kuukuu. Mwaka 1978 Mel na Patricia Ziegler walifungua duka huko California na kuliita Banana Republic, wakauza mashati ya askari wa miavuli wa Hispania na mabaki mengine. Waliuza hadithi pamoja na shati. Na Wajapani, waliowaona Wamarekani wakiingia kwao kama washindi mwaka 1945 na kununua mabaki yao katika soko la Ameyoko pale Tokyo, wamekuwa wajuzi wa majaketi ya marubani wa Kimarekani kuliko Wamarekani wenyewe. Kampuni ya Buzz Rickson's, iliyoanzishwa mwaka 1993, huyashona upya uzi kwa uzi. Aliyeshindwa amekuwa mtunzaji wa nguo za aliyemshinda. Sijui kama kuna kitabu cha historia kinachoweza kulieleza jambo hilo vizuri kuliko jaketi lenyewe.

Ya nne ni sheria. Barbados na Jamaika haziruhusu raia kuvaa mabakamabaka, awe mwenyeji au mtalii, awe mtu mzima au mtoto. Uganda, mwezi Septemba 2019, bereti nyekundu ilitangazwa katika gazeti la serikali kuwa vazi la jeshi, wakati ambapo ndiyo iliyokuwa alama ya wafuasi wa Bobi Wine. Kofia iliyouzwa jana barabarani kwa pesa kidogo, leo yaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani. Hapa Tanzania, mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku 7 za kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Shati la mabaka ambalo kijana wa London hulivaa akienda dukani, kwetu bei yake yaweza kuwa kifungo.

Wako rafiki zangu wa Ulaya wanaoliona jambo hili kuwa la kuchekesha. Mimi silichekeshi. Eneo letu limewaona watu waliovaa sare wakigonga milango usiku, na wengine hawakuwa askari kabisa. Mahali ambapo vita ni habari ya mbali, magwanda huwa pambo. Mahali ambapo vita vimepita karibuni, magwanda huwa swali: wewe ni nani, na umetumwa na nani? Mimi mwenyewe sikusanyi mabaka. Nakusanya makabuti ya sufu na nguo za kaki za zamani, ambazo jeshi lililozitoa halipo tena.

Msomaji ataniuliza, basi unajuaje nguo ilikotoka? Nguo husema, ukiipindua ndani. Mali ya Mwingereza ilipigwa muhuri wa mshale mpana. Mshale ulio ndani ya herufi C ni wa Kanada. Ulio ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Mishale miwili iliyogusana ncha maana yake ni kwamba mali hiyo imeuzwa kihalali na si ya mfalme tena. Nguo ya Mmarekani huwa na kitambulisho chenye namba ya mkataba, na ndani ya namba hiyo mwaka umo. Siku moja, katika soko la Memorial pale Moshi, nilikuwa nimepindua koti na kusoma kwa miwani miwili, mchuuzi akaniuliza, "Mzee wangu, unatafuta pesa zilizosahauliwa mfukoni?" Nikamwambia, "Hapana, mwanangu, natafuta jina." Akacheka, lakini akalichukua koti, akapindua mfuko wa ndani, naye akaanza kutafuta pamoja nami.

Na hapa ndipo lilipo jambo lililonifanya niandike. Katika masoko ya wakusanyaji wa Ulaya, kitu kinachopandisha bei ya kabuti kuliko sufu yake, kuliko mwaka wake, ni jina la aliyelivaa. Kabuti mbili zinazofanana kama mapacha hutengana bei mara moja pale moja linapokuwa na jina la askari kwa wino, na barua, na picha yake. Koti bila jina ni nguo. Koti lenye jina ni mtu.

Baba yangu mkubwa, wa Lushoto, alikuwa Keya. Alikuwa Uhabeshi mwaka 1941, na Gondar ilipoanguka mwezi Novemba mwaka huo alikuwa huko milimani katika baridi. Alirudi na kabuti. Alilivaa kulinda viazi dhidi ya nguruwe mwitu, akalivaa kwenda mazishini na kwenye baraza, na watoto sita tulilala chini yake zamu kwa zamu. Mikono ilipochakaa ilikuwa viraka. Mgongo ulipochakaa ulishonwa koti la mtoto. Kilichobaki kikawa tandiko la punda. Leo kuna kifungo kimoja tu cha shaba chenye nembo ya mfalme, nacho ninacho mimi. Kifungo hicho mnadani hakina bei ya maana, kwa kuwa viko kwa maelfu. Kabuti lenyewe, kama lingekuwapo na jina lake, mkusanyaji wa Uingereza angelilipia vizuri, kwa sababu makabuti ya Keya yenye majina ni adimu mno.

Ni adimu kwa sababu gani? Kwa sababu yalivaliwa mpaka yakaisha. Nguo za askari wa Ulaya zimebaki kwa wingi kwa kuwa askari yule alipewa suti aliporudi, akatundika sare kabatini. Wa kwetu hakuwa na ya kutundika. Mwaka 2019 magazeti yalichapisha habari za hati ya zamani ya serikali ya Uingereza iliyoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mwafrika baada ya vita kilikuwa kidogo hata mara tatu kuliko cha askari Mzungu wa cheo kile kile. Sasa msomaji na atazame pande zote mbili. Nguo moja ina bei nyingi kwa kadiri ya nchi, na hilo twaweza kulieleza kwa wingi, njia, mapenzi na sheria. Lakini mtu mmoja, ndani ya nguo ile ile, katika baridi ile ile, mbele ya bunduki zile zile, naye alikuwa na bei nyingi kwa kadiri ya ngozi. Hilo halikutokana na soko. Liliandikwa na makarani mezani.

Wapo wanaosema kwamba kukusanya nguo hizi ni kuabudu vita. Nimelifikiri neno hilo kwa muda mrefu, na sikubaliani nalo. Anayeabudu vita hukusanya nishani na hotuba. Kabuti halina hotuba. Lina jasho kwenye kola, kiraka kiwikoni, tundu la moto wa sigara, na mfuko uliopanuka kwa mkono uliokuwa ukitafuta joto. Ukilishika unajua kwamba vita, kwa mtu wa chini, ni baridi na kungoja. Somo hilo halihitaji kuongezewa kitu.

Wala simlaumu baba mkubwa kwa kulimaliza kabuti lake. Koti lililowalaza watoto sita limefanya kazi bora kuliko lililotundikwa ndani ya kioo cha jumba la makumbusho. Ninachosikitikia si sufu. Ni kwamba jina halikuandikwa mahali pengine. Sufu huisha kwa haki, lakini jina halina sababu ya kuisha pamoja nayo.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kwenu kuna kitu cha namna hii, liwe kabuti, mkanda, sufuria ya jeshi au kifungo kama changu, msiende kwanza kuuliza bei yake. Chukueni karatasi, muandike ni cha nani, alikuwa kikosi gani, alikwenda wapi, alirudi mwaka gani, na ni nani aliyewasimulia. Itieni karatasi hiyo pamoja na kitu chenyewe. Baadaye mkitaka kukiuza, uzeni. Njaa haina makumbusho, na sitamhukumu mtu. Lakini mnunuzi akiwa Nairobi, London au Tokyo, na akilipa senti au dola, atalazimika kulisoma jina la mzee wenu kabla hajaingiza mkono katika mfuko wake.